USIUZE MWEMBE KWA BEI YA EMBE

Hotuba juu ya kazi ya mchezaji wa sinema na televisheni, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Makindu



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja wa genge alisimama akauliza swali, nasi wengi tukacheka. Alisema kijana wake, aliyemaliza shule huko Mutomo katika Kitui, anataka kuwa mchezaji wa sinema na televisheni, naye baba anataka kujua kama hiyo ni kazi au ni uvivu. Mtu mmoja kwa nyuma akajibu, "Ni kazi ya kujifanya!" Tukacheka tena. Baba yule akakaa chini, wala hakusema neno jingine mpaka mkutano ulipokwisha.

Baadaye alitungoja nje ya mlango, akatuambia mambo ambayo hakutaka kuyasema mbele ya watu. Kijana wake alikwisha kucheza. Watu wa kutengeneza picha za matangazo walikuja upande ule wakitafuta kijana mwenye sura njema na meno meupe. Walimchukua siku mbili. Walimlipa shilingi 3,000 na chakula, wakampa karatasi ya kutia sahihi, wakaondoka na karatasi yao, yeye wasimwachie nakala. Tangu hapo imepita miaka miwili. Sura ya kijana imeonekana katika televisheni na katika simu za watu, tena imebandikwa juu ya bango kubwa kando ya barabara ya Mombasa. Baba hupita chini ya bango hilo kila aendapo mjini, naye mwanawe humchekea kutoka juu. Lakini kijana mwenyewe yuko nyumbani anachoma makaa. Alipopiga simu kuuliza kama kuna malipo mengine, aliambiwa kwamba alikwisha kuuza kila kitu, kwa siku zote na kwa kila mahali.

Jina la watu wale hatulitaji, maana shabaha yetu leo si kugombana nao. Shabaha yetu ni kujifunza. Halmashauri ilituagiza tutafute habari za kazi hii tuje tuwaeleze. Sisi, kama mjuavyo, tulisoma shule ya msingi ya misheni tu, kisha tukaingia kazi ya reli, na hatujasimama mbele ya kamera hata siku moja. Lakini tumesoma na tumeuliza wanaojua, na tuliyoyapata tunawaletea.

KAZI YENYEWE

Kwanza tuondoe kicheko. Mchezo tunaoutazama kwa saa moja jioni huwa umefanywa kwa siku nyingi. Mchezaji huitwa alfajiri, na mara nyingi hungoja mpaka jua la mchana. Akiitwa husema maneno yake. Ndege ikipita juu, husema tena. Wingu likifunika jua, husema tena. Jogoo akiwika, husema tena. Pengine maneno yale yale atayasema mara kumi au zaidi, na kila mara lazima aseme kama mtu anayeyasema kwa mara ya kwanza.

Tena, picha hazichukuliwi kwa kufuata hadithi. Mambo yote yanayotokea mahali pamoja huchukuliwa pamoja ili kuokoa fedha. Kwa hiyo mchezaji huweza kulia asubuhi juu ya maiti ya mkewe, na alasiri akacheka katika harusi ya mke huyo huyo. Yeye ndiye wa kukumbuka moyoni wapi katika hadithi amesimama. Na filamu ikiisha, kazi imeisha. Hana mshahara wa mwezi mpaka apate filamu nyingine, na huenda asiipate kwa mwaka mzima. Huyo, ndugu zangu, ni kibarua kama vibarua wengine.

Wasafiri wanaotupita hapa hutazama dirishani wakaona Chyulu na mibuyu. Hawaoni mataruma, wala hawajui kuna watu waliotembea njia hiyo kwa miguu wakikaza vifungo. Nasi tukitazama sinema hatuoni jasho la wachezaji. Wazee walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini iko tofauti moja kubwa kati ya kazi ya mchezaji na kazi nyingine, nasi twaomba mwishike sana tofauti hii, maana ndiyo mzizi wa hotuba yote. Mchonga vinyago wa Wamunyu akiuza kinyago, kinyago kimekwenda, kimeuzwa mara moja. Mkulima wa Makueni akiuza embe, embe huliwa, nalo limekwisha. Lakini sinema haiishi kwa kutazamwa. Huonyeshwa leo hapa, kesho Nairobi, mwaka ujao katika nchi nyingine, na baada ya miaka 30 ingali yaonyeshwa, na kila mara kuna mtu anayepokea fedha. Basi picha si embe, picha ni mwembe. Kijana wetu wa Mutomo alidhani anauza embe moja kwa shilingi 3,000. Kumbe aliuza mti, na kivuli chake, na maembe ya miaka yote.

SIMBA WA NJIA YETU

Tutatoa mfano wa karibu. Kila mmoja wetu ajua habari za simba wawili waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Wale walioliwa walikuwa wafanya kazi, vibarua wa Kihindi na Waafrika, watu wa kazi yetu. Bwana Patterson, aliyewaua simba hao, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Mwaka 1924 aliziuza ngozi za simba kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000, na simba wale wako huko mpaka leo.

Habari hiyo imetengenezewa sinema zaidi ya moja. Mwaka 1952 ilitoka Bwana Devil, sinema ya kutazamwa kwa miwani maalumu, watu wakaona kama simba anawarukia vitini. Hiyo ilipigwa California, Marekani. Mwaka 1996 ikatoka The Ghost and the Darkness, wakicheza Michael Douglas na Val Kilmer, pamoja na John Kani, mchezaji mkubwa wa Afrika Kusini. Hiyo nayo ilipigwa zaidi Afrika Kusini. Hadithi ni ya njia yetu na damu ni ya wafanya kazi wa njia yetu, lakini maembe yake yamechumwa na wengine. Hatusemi kwamba wameiba. Twasema tu kwamba asiyejua thamani ya mti wake, jirani atamwonyesha kwa kuuvuna.

MTU WA SONGEA

Sasa tumtazame mchezaji mmoja wa Afrika ya Mashariki ambaye kila mwanachama wa chama cha wafanya kazi yampasa amjue. Jina lake ni Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wamemsikia kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wachache wajua kwamba kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa sinema, tena mchezaji mkuu.

Kawawa alizaliwa upande wa Songea mwaka 1926, akasoma shule ya serikali ya Tabora. Akaingia kazi ya serikali, na baadaye akafanya kazi ya maendeleo ya jamii, kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika, pamoja na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini, ilianza kutengeneza sinema za Kiswahili zikichezwa na Waafrika wenyewe. Kawawa akachaguliwa. Alicheza katika Muhogo Mchungu, katika Chalo Amerudi na katika Meli Inakwenda. Zilikuwa hadithi za watu wa kawaida, za shamba na za mji.

Fikirini jambo hilo lilikuwa na maana gani. Siku zile, mtu mweusi katika sinema za Wazungu alikuwa mchukuzi wa mizigo au mpiga ngoma. Alikimbia simba, akaanguka, akasahauliwa. Hapa watu walimwona mtu kama wao ndiye mwenye hadithi, akisema lugha yao. Wazee wetu wa Kitui na Makueni wanakumbuka gari la sinema la serikali lililokuja jioni. Shuka nyeupe lilitundikwa, injini ikanguruma, watoto wakaketi mbele chini. Walionyeshwa habari za kuchimba matuta na za kuosha mikono. Mzee mmoja wa Kibwezi alituambia kwamba mafundisho yalisahauliwa kesho yake, lakini mtu aliyechekesha alikumbukwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo nguvu ya mchezaji. Huingia nyumbani mwa mtu bila kubisha hodi, na mtu humwamini kama jamaa yake.

Kawawa hakukaa katika sinema. Alikuwa pia mtu wa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, naye akawa rais wake. Mwaka 1955 ndugu Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi hapa Kenya, alikwenda Dar es Salaam akazungumza na viongozi wa wafanya kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo vyama vya Tanganyika vikaungana kuwa shirikisho moja, na Katibu Mkuu wa kwanza akawa Kawawa. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali. Yule ambaye watu walimcheka katika shuka nyeupe, sasa walimsikiliza katika mikutano ya wafanya kazi, naye akawa mkono wa kuume wa Mwalimu Nyerere katika kudai uhuru.

Basi mtu asiseme tena kwamba mchezaji wa sinema si mfanya kazi. Chama cha wafanya kazi cha nchi jirani kilijengwa na mikono ya mchezaji wa sinema.

Lakini hotuba ya kweli haikomi mahali pa kupiga makofi. Nyerere alipojiuzulu mwezi wa Januari 1962, Kawawa akawa Waziri Mkuu. Katika mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria zilizofunga mikono ya vyama. Migomo ikawekewa vizuizi vikubwa, na wakubwa wa serikali wakapewa uwezo zaidi juu ya mambo ya vyama. Waliopinga walikuwamo watu wa reli. Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha reli cha Tanganyika, ambaye mwaka 1960 alikuwa ameongoza mgomo wa reli wa karibu miezi mitatu, alisema vyama vya wafanya kazi visiwe chini ya chama cha siasa. Baadaye alianzisha chama cha upinzani, na mwisho akawekwa kizuizini. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Shirikisho lile ambalo Kawawa alilisimamisha mwaka 1955 likavunjwa, na mahali pake likawekwa moja tu la serikali, lililoitwa NUTA.

Yatupasa kuwa wenye haki. Serikali ile ilipandisha kima cha chini cha mshahara, na mwaka 1964 ilitunga sheria ya kumlinda mfanya kazi asifukuzwe ovyo. Kawawa alikuwa mtu mnyofu katika utumishi wake, na alipofariki tarehe 31 Desemba 2009 nchi nzima ilimlilia. Yeye na wenzake waliona kwamba nchi changa na maskini haiwezi kuvumilia migomo. Pengine walikuwa na sababu zao. Lakini mfanya kazi akipewa nyongeza kwa mkono wa kuume, na kunyang'anywa uwezo wa kuidai kwa mkono wa kushoto, amepewa embe naye ametoa mwembe.

MTU WA HOLLYWOOD

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni ya Afrika tu. Sivyo. Huko Marekani yuko mchezaji wa sinema aliyepita njia ile ile, tena kwa namna ya kushangaza.

Wachezaji wa Hollywood walianzisha chama chao mwaka 1933. Mwaka huo wenye kampuni walikuwa wamewakata mishahara, na saa za kazi hazikuwa na mpaka. Mwanzoni hata wachezaji wenye majina makubwa waliogopa kujiunga. Lakini kidogo kidogo chama kikapata nguvu.

Kisha ikaja televisheni. Kampuni zikaanza kuzitoa katika maghala filamu za zamani na kuziuza kwa vituo vya televisheni. Zikaonyeshwa tena na tena, fedha zikaingia tena na tena, lakini mchezaji aliyelipwa mara moja hakupata hata senti. Hapo ndipo walipotambua kwamba walikuwa wameuza miti. Tarehe 7 Machi 1960 wachezaji waligoma. Aliyewaongoza, rais wa chama chao, alikuwa mchezaji Ronald Reagan. Mgomo ulikwisha tarehe 18 Aprili. Walipata nini? Kwa filamu zilizotengenezwa tangu mwaka huo wa 1960, mchezaji atalipwa kila zinapouzwa kuonyeshwa katika televisheni. Tena kampuni zilitoa dola 2,250,000 za kuanzisha mfuko wa uzeeni na wa matibabu. Wachezaji wa filamu za zamani hawakupata malipo ya kila mara, na wengine walinung'unika mpaka kufa kwao. Lakini tangu siku ile, mchezaji wa huko mwenye chama, hata akiwa mzee na hana kazi, huenda sandukuni pa barua akakuta fedha kidogo kwa kazi aliyoifanya ujanani.

Basi Reagan huyo, aliyewaongoza wafanya kazi katika mgomo, alikuwa Rais wa Marekani mwaka 1981. Mwezi wa Agosti mwaka huo watumishi wa serikali wanaoongoza ndege viwanjani waligoma. Chama chao kilikuwa kimemuunga mkono katika uchaguzi. Yeye aliwapa saa 48 warudi kazini, kisha akawafukuza watu zaidi ya 11,000.

Ndugu zangu, tazameni. Mmoja ni wa Songea, mwingine ni wa Hollywood. Mmoja alifuata ujamaa, mwingine aliupinga. Hawakufanana kwa siasa hata kidogo. Lakini wote wawili walicheza sinema, wote wawili waliongoza chama cha wafanya kazi, wote wawili walitawala nchi, na wote wawili walipoketi katika kiti cha mwajiri waliuona mgomo kuwa ni adui. Hatusemi kwamba walikuwa wanafiki. Mchezaji akivaa joho la hakimu husema maneno ya hakimu, na akivaa kofia ya gadi husema maneno ya gadi. Mtu yeyote, hata kama si mchezaji, hubadilika kwa nguo anayovikwa. Hata sisi hapa, yule aliyekuwa mwenzetu wa genge akifanywa nyapara, mwezi wa tatu twamsikia anasema kama bwana.

Kwa hiyo tumepata mti wa pili. Wa kwanza ni picha, na wa pili ni chama. Huo wa pili nao usikabidhiwe mtu mmoja, hata akiwa na sauti tamu na tunampenda namna gani.

HAPA KWETU

Turudi Kenya. Wenzetu wa rika letu tulikua tukimtazama Mzee Ojwang. Jioni ya Vitimbi, sisi watoto tulijazana mlangoni mwa duka moja lenye televisheni ndogo ya betri, na mwenye duka akatufukuza, nasi tukarudi. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza mzee wa Kijaluo hata Wajaluo wenyewe wakamwita wao. Pamoja na Mary Khavere, tunayemwita Mama Kayai, aliwachekesha watu wa makabila yote kwa miaka mingi. Hakuna waziri aliyeingia nyumba nyingi za Kenya kuliko yeye.

Katika miaka yake ya mwisho macho yake yaliharibika, na watu wakachanga fedha za matibabu yake. Alifariki tarehe 12 Julai 2015, na nchi ikaomboleza. Kuchanga ni jambo jema, sote huchanga. Lakini mtu aliyewachekesha Wakenya nusu ya maisha yao hakustahili kungoja harambee. Alistahili malipo ya kila mara na mfuko wa uzeeni. Tofauti kati ya mzee wa Hollywood anayeokota hundi sandukuni na mzee wa kwetu anayechangiwa, si kipaji. Kipaji cha Ojwang kilitosha. Tofauti ni mkataba na chama chenye nguvu nyuma ya mkataba.

Tena hatari mpya imekuja. Mwaka 2023 wachezaji wa Marekani waligoma tena, siku 118, kutoka tarehe 14 Julai mpaka tarehe 9 Novemba. Safari hii, pamoja na malipo ya sinema zinazoonyeshwa kwa njia ya intaneti, waligombania sura zao. Siku hizi kompyuta zaweza kuchukua sura na sauti ya mtu mara moja, kisha zikamtengeneza akitembea na kusema mambo ambayo hakuyasema kamwe. Walidai isifanyike bila idhini na bila malipo, na wakapata kanuni juu ya jambo hilo. Sasa fikirini karatasi ile ya kijana wa Mutomo, iliyosema "kwa siku zote na kwa kila mahali". Karatasi ya namna hiyo yaweza kumfanya mtu acheze filamu akiwa amelala nyumbani kwake, na asijue.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Kwa yale tuliyojifunza, twawapa wazazi na vijana mambo matano.

La kwanza: mtu asitie sahihi siku ile ile. Achukue karatasi, alale nayo, ampe mtu anayejua kusoma maneno ya sheria. Mwenye haraka ya sahihi yako ana sababu yake.

La pili: adai nakala. Karatasi isiyo na nakala mkononi mwako ni ya upande mmoja tu.

La tatu: karatasi itaje muda na mahali. Picha itaonyeshwa miezi mingapi? Katika televisheni tu, au pia mabangoni na katika simu? Muda ukiisha walipe tena au waitoe. Huko ndiko kuuza embe na kubakiza mwembe.

La nne: iandikwe wazi kwamba sura na sauti hazitatengenezwa upya kwa mashine bila idhini mpya na malipo mapya.

La tano, nalo ni kubwa kuliko yote: mchezaji asisimame peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua haki za mtu anayeigiza, kwamba uigizaji wake usinaswe wala kutangazwa bila idhini yake. Lakini sisi wa reli twajua vizuri kwamba sheria ikiwa kitabuni bila watu nyuma yake, ni kama injini bila moto. Mtu mmoja akikataa karatasi mbaya, watamtafuta mwingine mwenye meno meupe kutoka Mwingi au Wote. Wote wakikataa kwa pamoja, karatasi itaandikwa upya.

KUMALIZA

Sasa twamjibu baba aliyeuliza. Ndugu, tuliokucheka tunakuomba radhi, maana sisi tulikuwa miongoni mwao. Uliuliza kama ni kazi au ni uvivu. Ni kazi. Ni kazi ngumu, isiyo na mshahara wa mwezi, na wengi huingia wakatoka mikono mitupu. Mwambie kijana ukweli huo. Mwambie ajifunze na kazi nyingine ya mikono, maana kati ya filamu na filamu mna njaa. Lakini usimwambie kwamba ni aibu.

Na juu ya karatasi aliyotia sahihi, halmashauri imekubali jambo moja leo kabla ya mkutano huu. Katibu ataandika barua kwa watu wale, kwa heshima, akiomba nakala ya karatasi, ili isomwe na wakili kabla hatujasema lolote. Huenda tukaambiwa mti umekwisha kuuzwa kweli. Ikiwa hivyo, tutakuwa tumejifunza kwa gharama ya kijana mmoja, na wadogo zake hawatauza kwa bei hiyo. Barua inahitaji gharama, na wakili anahitaji nauli ya kutoka Machakos. Sanduku liko mezani karibu na mlango, na mwenye shilingi 50 atie shilingi 50.

Ndugu yetu atakapopita tena chini ya lile bango, asiinamishe kichwa. Aliye juu pale ni mfanya kazi, mtoto wa mfanya kazi, na ujira wake haujaisha kulipwa.